Baada ya corona, zizi la farasi ndilo lililoturudisha pamoja (uzi kutoka Lexington, Kentucky)

Kigoma Reli (mleta uzi):

Wakuu, wakubwa shikamooni, wenzangu habari za siku nyingi.

Nimekuwa nikisoma nyuzi za ndugu zetu walio ughaibuni kuhusu upweke. Mtu anakaa jengo moja miaka na miaka, jirani hamjui jina, anatoka kazini usiku, anapasha kiporo, analala. Wengi mnawashauri waanzishe vikundi, waitishe vikao, wachangishane. Nataka kueleza nilichokiona kwa macho yangu baada ya corona, maana kimenibadilisha mawazo kuhusu namna watu waliotawanyika wanavyorudi kuwa jamii. Kwa nilivyoona mimi, kikao hakiwarudishi. Wanarudishwa na kazi ambayo mtu mmoja hawezi kuifanya peke yake, na ambayo usipokuja leo kuna mtu anakwama. Kwetu sisi kazi hiyo ilikuwa ya farasi.

Kwa asiyeujua mji huu: Lexington umezungukwa na mashamba ya farasi wa mbio pande zote. Ardhi imekaa juu ya mawe ya chokaa, na wafugaji wa huku watakwambia kuwa kalsiamu na fosforasi iliyomo kwenye majani na maji ndiyo inayowapa farasi wao mifupa migumu. Mji huu huu umepokea Wakongo wengi sana, wengi wao waliopitia Nyarugusu na kambi nyingine za ukanda wetu, kiasi kwamba Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazosemwa zaidi hapa baada ya Kiingereza na Kihispania. Lakini mimi na majirani zangu tulikuwa tunawaona farasi kupitia dirisha la basi tu, tukienda zamu ya usiku bohari.

Binti yangu ana mtindio wa ubongo. Kabla ya corona alikuwa ameshaanza kupanda farasi kwenye programu ya watoto na watu wazima wenye ulemavu. Niwaeleze inavyofanyika, kwa sababu bila hilo hamtaelewa yaliyofuata.

Mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe akipanda farasi, chini wanahitajika watu watatu. Mmoja anamwongoza farasi kwa kamba. Wawili wanatembea pembeni, mmoja kulia na mmoja kushoto, kila mmoja amelaza mkono juu ya paja la mtoto na kushika tandiko kwa vidole, ili mtoto akiyumba paja lake lisitoke mahali pake. Mwalimu anasimama katikati ya uwanja. Mtoto anapandishwa kutoka kwenye jukwaa lenye mteremko, kiti cha magurudumu kinasukumwa mpaka usawa wa mgongo wa farasi. Mikono ya walio pembeni ikichoka, na inachoka kwelikweli, farasi anasimamishwa, mmoja anabaki ameshika huku mwingine akizunguka kuja upande wa pili, ndipo na yule wa kwanza anapohama. Haipiti hata sekunde mtoto akiwa hana mkono wa mtu.

Sasa ikaja Machi 2020. Shule zikafungwa katikati ya mwezi, na tarehe 26 likaanza agizo la kukaa nyumbani. Hata Kentucky Derby, mbio ambazo mji wa Louisville umekuwa ukiziandaa tangu 1875 na ambazo watu wa huku huanza kuzisubiri tangu baridi haijaisha, zilisogezwa kutoka Mei hadi tarehe 5 Septemba na zikakimbiwa mbele ya majukwaa matupu. Programu yetu nayo ikafunga geti.

Sisi wa bohari tuliambiwa kazi yetu ni ya lazima, kwa hiyo tuliendelea kutoka. Lakini maisha yetu yote ya nje ya kazi yalikufa. Mnajua jinsi sisi tunavyokaa. Mtu akifiwa, watu wanajaa, wanalala chini, wanapika, siku kadhaa mfiwa hashiki sufuria. Mwaka ule watu walifiwa na tukaomboleza kwa simu. Kuna mzee kwenye jengo letu alimpoteza mdogo wake, tukapita mmoja mmoja kuacha chakula mlangoni na kupunga mkono kwa mbali. Nilimwona ameinamisha kichwa nyuma ya kioo. Baada ya hapo watu walizoea. Hilo ndilo lililonitisha. Vikwazo vilipoanza kulegezwa, watu hawakurudi kutembeleana. Milango ilibaki imefungwa kwa mazoea.

Naendelea chini.

Kigoma Reli:

Sehemu ya pili.

Programu ilifunguliwa kwa awamu. Walioanza kurudi ni wapandaji wanaojimudu wenyewe, kwa sababu ya ule umbali wa futi sita. Ukiweka watu wawili pembeni na mmoja mbele, umbali umekwisha. Kwa hiyo watoto waliokuwa wanahitaji farasi zaidi ndio waliokaa nyumbani muda mrefu zaidi. Binti yangu alikuwa mmojawapo.

Kisha likapatikana jibu: watu wa kaya moja wanaruhusiwa kugusana. Kama mzazi yuko tayari kufundishwa kushika pembeni, mtoto wake aje. Mimi na mama watoto tukafundishwa. Miaka yote ya nyuma nilikuwa nakaa nje kwenye gari, nasinzia baada ya zamu. Ndiyo mara ya kwanza nikaingia uwanjani.

Wakuu, farasi ni mnyama mkubwa. Kilo mia nne na hamsini, mia tano, wengine zaidi. Anaona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya pua na nyuma kabisa ya mkia, kwa hiyo ukipita nyuma yake unaongea naye na unaacha mkono mgongoni mwake ili ajue uko wapi. Ukimlisha kwa mkono unanyoosha kiganja kikae bapa. Masikio yakilala nyuma, ameudhika. Yote hayo tulifundishwa na mfanyakazi wa zizi anayetoka Guatemala, maana kazi ya kuhudumia farasi katika mabanda ya Marekani siku hizi wengi wanaoifanya ni watu wa Guatemala na Mexico. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, changu cha bohari. Tulielewana kwa mikono.

Programu ikakumbana na tatizo jingine. Watu wa kujitolea wa zamani walikuwa wastaafu wengi, miaka sabini na kuendelea, hasa wale waliotakiwa kujikinga zaidi na corona. Wengi hawakurudi. Wengine walikuwa wameshafariki. Farasi wapo, watoto wapo, walimu wapo, mikono hakuna. Mwalimu akatuuliza wazazi kama tunajua watu.

Nikapanda ngazi za jengo letu nikigonga milango. Sikumwambia mtu "njoo kwenye kikundi". Nilimwambia: Jumamosi kuna mtoto hapandi farasi kwa sababu amekosa mtu wa kushoto, unaweza kuja? Waliokuwa wamekataa mialiko yote ya kanisani na ya jumuiya wakaja. Yule mzee aliyefiwa na mdogo wake alikuja. Mama mmoja aliyekulia na ng'ombe huko Masisi, mashariki mwa Kongo, alikuja na kitenge chake na buti za mvua za mwanawe.

Huyo mama nimtaje kidogo. Siku zake za mwanzo alikuwa hasemi, anafagia tu na kusimama kuwatazama farasi wakipita. Siku moja alinivuta shati akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kivu, "Ule farasi mweupe anaumia mguu wa nyuma, wa kushoto. Ona kichwa chake." Mimi sikuona kitu. Nikamfikishia mwalimu, mwalimu akamtembeza farasi kwenye sakafu ngumu, naye mwanzoni hakuona. Akamtembeza tena. Kisha wakainua ukwato, wakasafisha tope kwa ile ndoano ya chuma, wakabonyeza, na farasi akavuta mguu. Kulikuwa na usaha umejikusanya ndani ya ukwato. Asubuhi ile mtoto mmoja alikuwa apandishwe juu ya farasi huyo. Tangu hapo mwalimu hamtoi farasi yeyote kabla mama hajamtazama akitembea, na mama, ambaye mjini hapa alikuwa amehesabiwa kama mtu asiyejua kitu kwa kuwa hasomi Kiingereza, anatazama na kutoa ruhusa kwa kichwa.

Baridi ilipofika tukawa tunakuja na chupa za chai ya maziwa yenye tangawizi, na maandazi. Wastaafu wachache waliorudi wakaanza kukaa nasi. Wazazi waliokuwa wanasubiri kila mmoja kwenye gari lake, vioo vimefungwa, walianza kushuka. Leo mtu akifiwa kwenye jengo letu, watu wa zizini wanakuja, Wamarekani wakiwemo, na wanakaa chini kama sisi.

Binti yangu hatembei, na sitaki mtu asome hapa akidhani farasi anaponya. Anakaa mezani bila kuegemezwa kwa muda mrefu kuliko zamani. Na ana watu. Akikosa kufika wiki moja, simu inalia.

Mtaa wa Kumi:

Mkuu, hongera kwa binti na kwa moyo wako. Lakini niseme ukweli, kwangu farasi ni mchezo wa wazungu na matajiri. Gharama za farasi mmoja zinaweza kuendesha timu ya mpira ya mtaa mzima. Watu wakitaka umoja si wacheze mpira tu? Kwa nini tushangilie jambo ambalo Mswahili wa kawaida hatalifikia?

Kigoma Reli:

Asante ndugu yangu, ni swali la haki. Gharama ni kubwa kweli. Farasi anakula majani makavu kilo nane mpaka kumi na zaidi kwa siku, anakunywa maji lita ishirini mpaka arobaini, kwato zinachongwa kila wiki sita hadi nane, daktari wa mifugo juu yake. Programu za namna hii zinaishi kwa michango, mpandaji analipa sehemu ndogo au halipi kabisa. Corona ilipokuja michango mingi ilikauka, lakini farasi hawezi kuambiwa apumzike kula.

Mpira naupenda. Ila kwenye mpira binti yangu ni mtazamaji. Kwenye uwanja wa farasi yeye ndiye kazi yenyewe. Sisi wazima ndio tunamzunguka. Na pembeni ya farasi hapatakiwi kasi wala kipaji. Anatakiwa mtu anayeweza kutembea pole pole nusu saa bila kuondoa mkono. Ndiyo maana mzee wa miaka sitini na tano na kijana wa sekondari wanafanya kazi moja, bega kwa bega.

Kuhusu wazungu, hapo niruhusu nibishe kidogo, maana historia ya mji huu inasema vingine. Derby ya kwanza, mwaka 1875, mpandaji aliyeshinda ni Mweusi, Oliver Lewis, juu ya farasi Aristides. Aliyemfundisha farasi yule, Ansel Williamson, alizaliwa mtumwa. Kati ya wapandaji 15 wa siku ile, 13 walikuwa Weusi. Isaac Murphy, mtu wa hapa hapa Kentucky, alishinda Derby mara tatu, 1884, 1890 na 1891, na kwa hesabu yake mwenyewe alishinda mbio 628 kati ya 1,412. Jimmy Winkfield alishinda 1901 na 1902, na baada yake hakuna Mweusi mwingine aliyeshinda mpaka leo. Hawakuondoka kwa kushindwa. Ubaguzi uliwafukuza: wenzao weupe waliwabana kwenye kingo za uwanja, wenye farasi wakaacha kuwaajiri, na wengine kama Winkfield wakaenda kutafuta riziki mpaka Urusi.

Hapa mjini kuna makaburi yanaitwa African Cemetery No. 2. Oliver Lewis amelala pale, pamoja na wapandaji na wahudumu wa farasi wengi. Murphy naye alizikwa pale mwaka 1896, baadaye mabaki yake yakahamishwa, na sasa kaburi lake liko Kentucky Horse Park. Tuliwapeleka watoto. Yule kijana wa sekondari, Mkongo aliyezaliwa kambini, alisoma jiwe la Murphy kutoka juu hadi chini, kisha akasoma tena kwa sauti, akimtafsiria mama wa Masisi.

Fizio wa Dar:

Habari zenu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nafanya kazi na watoto. Uzi mzuri sana, na nimefurahi mleta uzi hakusema farasi anaponya.

Kinachofanyika mwilini ni hiki. Farasi akitembea, mgongo wake unamsogeza mpandaji juu na chini, mbele na nyuma, kulia na kushoto, na kumzungusha kidogo kiunoni, kwa wakati mmoja. Mwendo huo unafanana sana na mwendo wa nyonga za binadamu anayetembea. Mtoto ambaye hajawahi kutembea anapata mwilini mwake mdundo wa kutembea, hatua kama mia moja kwa dakika, na misuli ya kiwiliwili inalazimika kujibu kila hatua. Joto la farasi na ile hali ya kukaa miguu imeachana inasaidia kulegeza misuli ya mapaja iliyokaza. Ndiyo sababu tiba hii inafanywa kwa mwendo wa kutembea, mchakamchaka ni wa wachache.

Lakini si kila mtoto anafaa. Nyonga iliyochomoka, kifafa kisichodhibitiwa, uti wa mgongo usio imara, na watoto wenye hali ya kuzaliwa nayo ya Down (Down syndrome) ambao maungio ya juu ya shingo yamelegea: hao lazima waonwe na daktari kwanza. Tafadhali mtu asisome uzi huu akampandisha mtoto juu ya farasi wa ufukweni.

Historia kidogo kwa wanaopenda. Lis Hartel wa Denmark alipata polio mwaka 1944 akiwa mjamzito, miguu ikapooza chini ya magoti. Mwaka 1952, Olimpiki ya Helsinki, akapata medali ya fedha katika mchezo wa kumwendesha farasi kwa hatua za ustadi, akishindana na wanaume wasio na ulemavu. Alihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka. Mwaka 1956 akaipata tena. Watu wengi walianza kufikiria farasi kwa wenye ulemavu kwa sababu yake. Uingereza ikapata chama chake cha kitaifa mwaka 1969, na Marekani nayo mwaka huo huo.

Saisi wa Ngong:

Salamu kutoka Nairobi. Nimefanya kazi ya saisi, yaani mtunza farasi, tangu nikiwa kijana, sehemu za Karen na Ngong. Nimesoma huu uzi wote nikasema lazima niandike.

2020 hapa kwetu, kuanzia tarehe 6 Aprili, Nairobi ilifungwa, hakuna kutoka wala kuingia mpaka Julai. Mbio zikasimama, watoto wa masomo ya kupanda wakaacha kuja. Wenye farasi wengi walibaki majumbani kwao. Sisi masaisi tulibaki na farasi. Jamaa zangu wako Kakamega, miezi hiyo yote sikuwaona. Farasi hajui kafyu. Saa kumi na moja asubuhi anagonga mlango wa banda kwa kwato, anataka chakula.

Tulilala pale pale mabandani, tukipika sufuria moja. Kabla ya hapo kila saisi alikuwa wa boma lake, hatusalimiani sana kwa sababu wenye farasi wenyewe wanashindana. Wakati ule tukaanza kusaidiana. Mmoja akiugua, wengine wanagawana farasi wake. Mmoja akikosa mshahara, na wengi walikatwa mshahara, tunachanga unga. Chama tulichoanza wakati huo bado kiko, tunazikana na kusomeshana watoto.

Kwa hiyo ndugu wa Kigoma, nakubaliana na wewe, ila niongeze. Watu wakiandika habari za farasi na watoto wenye ulemavu wanamsifu farasi, wanamsifu mwalimu, wanawasifu wa kujitolea. Aliyemfundisha yule farasi asishtuke kiti cha magurudumu kikigonga chuma ni saisi. Amemtembeza pale kwenye jukwaa mara nyingi sana kabla mtoto hajafika. Nimefurahi umemtaja yule wa Guatemala.

Dada wa Peckham:

Asalaam aleikum wapendwa. Mimi niko London kusini, wazazi wangu ni wa Mombasa.

Kaka Mtaa wa Kumi, hata huku watu walisema hivyo hivyo, kwamba farasi si wa kwetu. Lakini Brixton, katikati ya majengo ya ghorofa, kuna Ebony Horse Club, ilianzishwa 1996 kwa ajili ya watoto wa mitaa yetu. Treni zinapita jirani na mabanda yao. Mtoto wa huko anayejifunza kupanda anajifunza pia kufagia banda na kubeba maji, kama wenzake.

Khadijah Mellah alianzia pale. Msichana wa Peckham, Mwislamu, anavaa hijabu. Tarehe 1 Agosti 2019 aliingia kwenye mbio za Goodwood za Magnolia Cup, juu ya farasi anayeitwa Haverland, na akashinda. Alikuwa na miaka 18, na ndiyo kwanza alikuwa amejifunza kupanda farasi wa mbio miezi michache nyuma. Mama yangu alilia mbele ya televisheni, na mama yangu hajawahi kugusa farasi. Msikitini Ijumaa iliyofuata wanawake hawakuwa na habari nyingine.

Corona ilipokuja tulikaa ndani na Ramadhani mbili tukafuturu peke yetu. Wadogo zangu waliumia zaidi kuliko sisi wakubwa. Ninachokikumbuka ni mdogo wangu wa mwisho, alikuwa hatoki chumbani hata vikwazo vilipoisha. Kilichomtoa ni zamu ya kulisha wanyama kwenye shamba dogo la mtaani, kwa sababu jina lake liliandikwa ubaoni na kuna mbuzi angelala njaa. Naelewa kabisa mleta uzi anaposema kazi.

Mama wa Nyakato:

Jamani nimesoma mpaka machozi. Mimi niko Mwanza. Huku hatukufungiwa ndani kwa corona kama ninyi. Lakini mimi nimefungiwa tangu mwanangu azaliwe. Ana miaka sita, mtindio wa ubongo, hakai, hasemi. Baba yake alituacha. Ndugu wanakuja sikukuu, wanamwangalia, wanasema pole, wanaondoka. Kliniki tunakutana akina mama wengi wenye watoto kama wangu, tunakaa kwenye benchi moja kuanzia saa mbili, tukimaliza kila mtu na daladala yake.

Farasi sijawahi kumwona isipokuwa kwenye televisheni. Nauliza, sisi tufanye nini? Nimesikia punda wanaweza. Ni kweli?

Fizio wa Dar:

Dada, pole na hongera kwa kumlea. Punda wanatumika kweli nchi za wenzetu kwa watoto wadogo wepesi, na ni wapole. Lakini punda anayefaa amefundishwa muda mrefu, anatunzwa vizuri, na kuna mtaalamu pale. Punda wa mkokoteni aliyechoka usimpandishe mtoto, ni hatari kwa wote wawili. Farasi kwetu ni wachache kwa sababu za magonjwa pia: ule unaoletwa na mbung'o (ndorobo), na ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi, unaua haraka mno.

Kwa hiyo kwa sasa sahau mnyama. Mazoezi ya kukaa mnaweza kuyafanya juu ya mto mkubwa wa duara uliojazwa nguo kuukuu na kukazwa vizuri. Mtoto anakaa miguu huku na huku, mtu mmoja mbele anamchezesha na kumwita, wawili pembeni wanashika mapaja na kiuno, mnauyumbisha mto taratibu. Muombe mtaalamu wa kliniki yenu awaonyeshe kwanza na aangalie nyonga za kila mtoto. Mtu mmoja peke yake hawezi kulifanya zoezi hili vizuri, mgongo utamuuma na mtoto ataogopa.

Kigoma Reli:

Mama, nakuunga mkono kwa yote na nakuandikia utaratibu wetu, uuchukue ulivyo.

Kila mtoto ana watu wake watatu, na ni wale wale kila wiki. Mtoto anawazoea, anajua harufu zao. Majina yanaandikwa mahali panapoonekana. Asiyeweza kuja anasema usiku wa kuamkia siku ile, na ni yeye anayetafuta wa kumshikia nafasi, asiuachie uongozi. Hakuna anayeshika mtoto wake mwenyewe kila mara. Tunabadilishana, mzazi apumzike na amwone mwanawe kwa mbali. Hilo la mwisho lilinishinda kulikubali mwanzoni, na ndilo lililonisaidia zaidi. Chai ni baada ya kazi, si kabla, vinginevyo watu wanakaa.

Na usiwaite kwenye mkutano wa kujadili kuanzisha kikundi. Mwambie mmoja: Jumapili nahitaji mtu wa kushoto.

Mama wa Nyakato:

Nashukuru sana, kaka na daktari. Leo kliniki nimemwambia mama mmoja wa Igoma na bibi mmoja anayelea mjukuu wake. Wote wamekubali. Fizio wetu amesema Alhamisi atatuonyesha namna ya kushika, na atawapima watoto wote watatu nyonga. Bibi ana cherehani, mto ataushona yeye, mimi natafuta nguo kuukuu. Jumapili saa kumi jioni tunaanza kwangu, maana uwani pana kivuli. Kaka wa Kigoma, naomba uniambie: mtu wa mbele, yule anayemchezesha mtoto, naye mnambadilisha au anabaki yule yule?

Kigoma Reli:

Abaki yule yule mwezi wa kwanza, mtoto apate uso wa kuuzoea. Wa pembeni ndio wabadilishane. Na bibi msimweke pembeni kwa muda mrefu, mikono inachoka. Yeye akae mbele, awaimbie.